Mpira Uliolala Chini ya Kitanda

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, baba yangu alipokataa kutaja ng'ombe wa mahari yangu mpaka kwanza apigiwe penalti. Ndiyo, penalti ya mpira wa miguu. Usicheke bado, kicheko kina nafasi yake huko mbele.

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Shule yangu ilikatika kabla sijamaliza ya msingi, na kalamu yangu ina tabia ya kukimbia pale ninapotaka itembee. Lakini waliokuwepo wanapungua, na ninyi mliozaliwa hapa Birmingham mtu akiwasalimu kwa Kiswahili mnamjibu kwa Kiingereza. Nikinyamaza, nani atawasimulia? Basi nitasema nilichokiona, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Ulikuwa mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa Ujerumani. Mtaani kwetu Bordesley Green bendera zilijaa madirishani, na magari yalipita yakipiga honi bila sababu. Sebuleni kwetu wanaume walikuwa wamebanana. Upande mmoja alikaa baba yangu, Papa Asukulu, na ndugu zake. Upande wa pili walikaa wageni kutoka Longbridge, wakiongozwa na Mzee Wilondja, baba wa Samueli. Samueli ndiye kijana niliyempenda. Tulijuana ndani ya treni, yeye akipanda Longbridge, mimi nikienda kazini Sutton Coldfield, na reli hiyo moja ikatutosha.

Kwa desturi yetu watu wa Uvira, kule Kongo, binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Nilikuwa jikoni na Mama, tunakoroga sombe, yale majani ya muhogo, ambayo ilishaiva zamani, masikio yetu yote yako mlangoni. Msemaji wa wageni akaanza vizuri, akasema wameona ua katika nyumba hii na wanaomba kulichuma. Nikamsikia Papa akikohoa.

"Ua lipo," akasema. "Ng'ombe tutawataja. Lakini mimi na Wilondja tuna kazi hatukuimaliza. Apige kwanza ile penalti yake."

Mama akaweka mwiko chini. "Haya. Ameanza," akanong'ona.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, mwanangu, ili usipotee. Kule Uvira Papa alikuwa kipa wa vijana wa bandari ya Kalundu. Wilondja alikuwa mshambuliaji wa Kiliba, kwenye mashamba ya miwa. Timu hizi mbili zilifika fainali ya kombe la mitaa, na siku hiyo mimi nilikuwa msichana mdogo, nimekaa na Mama nyuma ya goli la Papa. Zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja. Mwishoni mwishoni mwamuzi akawapa Kiliba penalti. Kama ilikuwa halali sijui. Kalundu wanasema hapana, Kiliba wanasema ndiyo, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye karanga. Wilondja akaweka mpira, akarudi nyuma hatua zake, akasimama. Papa akachuchumaa kidogo, mikono wazi. Hapo ndipo tuliposikia milio kutoka milimani, na vita ikaingia mjini.

Hakuna aliyepuliza kipenga. Watu walikimbia tu. Papa alikimbia na glavu zake mikononi, akanibeba nazo. Yaliyofuata sitayaandika hapa, nimeyaandika kwingine na yametosha. Tukapita njia zetu, tukakaa kambini Tanzania, mwisho tukaletwa huku. Na ni nani Papa alimkuta Jumapili yake ya kwanza kanisani Birmingham, amesimama mlangoni akigawa vitabu vya nyimbo? Wilondja.

Walikumbatiana wakalia. Kisha, kabla machozi hayajakauka, Wilondja akamwambia, "Ile ningekufunga." Papa akamjibu, "Ile ningeidaka." Na toka siku hiyo fahali hao wawili hawakukaa zizi moja. Kwenye misiba, kwenye ubatizo, kwenye harusi za watu, Wilondja alisimulia jinsi ambavyo angeipiga chini, kona ya kushoto, na Papa akitoka nje kuvuta hewa.

Sasa turudi sebuleni. Wilondja alijibu taratibu, kwa heshima ya suti aliyovaa.

"Mon frère, ndugu yangu, nimekuja kuomba binti, sikuja kucheza. Na ile penalti kila mtu anajua iliingia."

"Iliingiaje na hukuipiga?"

"Iliingia kichwani mwangu."

"Bon," Papa akasema. "Basi na harusi ifanyike humo humo kichwani mwako."

Nasikia wajomba wengine walificha midomo. Mimi jikoni sikucheka. Wageni waliinuka wakaondoka bila kula, na kwetu mgeni wa posa akiondoka bila kula, hilo si jambo la kupuuza, anaweza asirudi. Samueli alipita dirishani kwa nje akaniangalia, mabega yameshuka. Sombe ikabaki sufuriani.

Nilimwendea Papa na hasira yangu yote. Nikamwambia, "Watu walikufa siku ile, Papa. Yaliyopita si ndwele. Wewe bado unalilia mpira, na mimi ndiye ninayelipa." Nilidhani nimesema neno la hekima, nilikuwa kijana, na kijana akiwa na methali mkononi anadhani ameshika fimbo. Papa hakunikemea. Alisema tu, "Sawa, mama," akakusanya vikombe vya wageni akaenda kuviosha mwenyewe.

Jumatatu nikaenda kazini. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo sisi sote tunaiita kea. Kule Sutton nilikuwa na bibi mmoja, Bi Edna, aliyekuwa na zaidi ya miaka themanini, miguu imechoka lakini ulimi bado una umri wa shule. Alikulia nyumba za safu kama zetu kabla ya kuolewa upande wa wenye nafasi, na mpaka uzeeni aliniita "bab", kama wenyeji wa mji huu wanavyomwita mtu wanayempenda. Nilipokuwa nikimsugua miguu mafuta akaniuliza mbona nimenuna. Nikamsimulia yote, na mwisho nikacheka kicheko kibaya, kile cha kumtania mtu asiyekuwepo. "Fikiria, Bi Edna, mtu mzima, vita imemchukulia nyumba na ndugu, naye anadai penalti."

Bi Edna akavuta mguu wake mkononi mwangu.

"Usimcheke baba yako," akasema. "Umcheke mtu mwingine. Mimi hapa, kwa mfano."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa muogeleaji, wa kuogelea kwa mgongo. Alipokuwa msichana wa umri wangu, mwalimu wake alimwambia ajitayarishe, ataitwa kwenye majaribio ya Olimpiki. Michezo hiyo ilipangiwa Tokyo, ikahamishiwa Helsinki, kisha Vita ya Pili ya Dunia ikaizima, haikuchezwa kokote. Iliyofuata ilikuwa ya London, nayo vita ikaizima. Kumbe hata Vita ya Kwanza ilikuwa imezima Olimpiki moja ya Berlin kabla yeye hajazaliwa. Na Kombe la Dunia la mpira, ambalo mji mzima ulikuwa unalipigia honi mwaka ule, nalo lilikosa kuchezwa mara mbili. Kama nimechanganya kitu hapa, kosa ni la kichwa changu, si lake. Yeye aliyasema kama mtu anayesoma majina ya watoto wake.

Bwawa alilofanyia mazoezi lilifunikwa kwa mbao, wakalazwa majeruhi juu yake. Aliwahudumia yeye mwenyewe, akitembea juu ya maji yake. Michezo iliporudi, London, vita imekwisha, yeye tayari alikuwa mama wa watoto wawili. Siku ya fainali ya kuogelea kwa mgongo alikuwa akipiga pasi huku redio inasema, akaunguza shati la mumewe mpaka likatoboka. Mumewe akauliza kuna nini. Akajibu hakuna kitu.

"Kila mtu aliniambia maneno hayo yako, bab. Watu wanakufa, wewe unalilia bwawa. Na walikuwa na haki. Kwa hiyo sikulia. Mpaka leo sijalia, na angalia nilivyo mzee." Akanirudishia mguu. "Vita inachukua vikubwa na vidogo. Vikubwa havirudi. Lakini kidogo kikiwa kinaweza kurudishwa, na mtu amekataa kukirudisha kwa sababu ni kidogo, huyo anaisaidia vita kazi."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa mkanda. Hakuna aliyenikemea vizuri kama yule bibi mwenye mafuta miguuni.

Kabla sijaondoka, kwa kuwa hakupenda mtu atoke kwake na huzuni, akanipa na hadithi ya kuchekesha. Kwamba wakati wa vita hiyo, kombe lenyewe la dunia, lile la dhahabu, lilikuwa kwa Waitalia, na kiongozi mmoja wa mpira wao, akiogopa askari wasilichukue, alilitia ndani ya boksi la viatu akalisukuma chini ya kitanda chake. Dunia nzima inapigana, na kombe la dunia limelala na viatu vya mtu. Nilicheka mpaka nikakosa treni.

Jioni ile nilikaa na Papa jikoni, nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza taratibu, juu ya nini hasa hiyo penalti.

"Mimi sikuondoka golini, mama," akasema. "Nilitolewa. Nyumba siwezi kumdai mtu. Ndugu yangu Etabo siwezi kumdai mtu. Lakini mpigaji wangu yupo Longbridge, anakula, analala. Bado nimechuchumaa. Unaelewa? Magoti yangu bado yamekunjwa vile vile."

Basi nikaelewa kwamba mwenye kukataa ndiye ninayepaswa kumwendea. Nikapanda treni upande wa pili, mpaka Longbridge, ambako siku zile kiwanda cha magari kilikuwa kimefungwa na mageti yake makubwa yamekaa kimya. Binti kwenda mwenyewe kwa baba mkwe kabla ya mahari, usiige. Hata Mama hakuambiwa. Mzee Wilondja alinikaribisha kwa adabu, Samueli akaleta chai, sote tukatazama vikombe. Sikumbishia. Nilimsimulia tu habari ya Bi Edna na bwawa lake, na nilipoona bado amekaza uso nikamsimulia ya kombe na boksi la viatu.

Hapo kikombe cha Samueli kikagonga sahani. Alimtazama baba yake. Mzee akatazama ukuta.

"Papa," Samueli akasema, "mwonyeshe."

"Nimwonyeshe nini?"

"Unajua."

Mzee aliinuka, goti lake la kulia likilia kama mlango, akaingia chumbani. Tulimsikia akipiga magoti, akivuta kitu sakafuni. Akarudi na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na mpira. Wa ngozi, umebonyea, umeshonwashonwa kwa uzi wa nyavu. Wengine siku ile walikimbia na godoro, wengine na kuku. Wilondja alikimbia na mpira wa penalti. Aliupitisha msituni, watoto wakaucheza kambini, na hapa Uingereza ulilala chini ya kitanda chake.

"Kila mtu nimemwambia nitapiga kushoto chini," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye harusi za watu. "Goti hili haliwezi tena, binti yangu. Nisipopiga, nimefunga. Nikipiga..."

Nikamwambia, "Baba, na yeye nyonga yake haiwezi. Mtakuwa sawa." Ndipo alipocheka, na nikajua ng'ombe wangu wako njiani.

Jumamosi iliyofuata, mwanangu, bustani ya mtaa wetu haikuwahi kuona watu wazima wengi hivyo wamevaa nguo za kanisani kuzunguka goli moja. Jirani yetu Abdi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, aliyekuwa akiendesha teksi, alikwenda kumchukua Bi Edna kutoka Sutton kwa ruhusa ya binti yake, akakataa nauli. Tena ndiye aliyekuwa na pampu. Alitia mpira upepo, ukatoka. Akatia tena, ukatoka.

"Wazee, hii kitu imezeeka kama nyinyi," Abdi akasema. "Nikitoa pampu muwe mshapiga. Mkianza siasa hapa, mtapiga chapati."

Papa akavaa glavu zile zile. Zilikuwa zimekauka, zinapasuka vidoleni. Alitembea mpaka golini akasimama katikati, na niseme kweli, sikumwona mzee mwenye nyonga. Nilimwona mtu niliyekuwa nimekaa nyuma yake nikila karanga. Nikaenda nyuma ya goli, nikakaa pale pale.

Papa akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Wilondja, kanisa zima linajua unapiga wapi."

"Na wewe unajua," Wilondja akajibu. "Shida yako ni kwamba hujui kama mimi ni mtu wa neno lake."

Watu wakaangua kicheko. Tulimpa Bi Edna kipenga, kwa kuwa hakuwa wa Kalundu wala wa Kiliba. Mara ya kwanza pumzi haikutosha, kikatoka kitu kama kikohozi. Papa alikwishaanza kuruka, akarudi. Mara ya pili kilitoka sawasawa, na njiwa wote wa bustani wakaruka.

Wilondja alipiga kushoto, chini. Alikuwa mtu wa neno lake. Papa naye aliruka upande huo huo, kadiri nyonga ilivyomruhusu, na kidole cha glavu kiligusa mpira, hilo nililiona kwa macho yangu na nitalisema popote. Ukagonga mlingoti. Ukaingia ndani polepole, kwa kuwa upepo ulishaanza kuuishia, ukaja ukatulia karibu na miguu yangu.

Wilondja amekaa chini akishika goti. Papa amelala kifudifudi, na niliogopa kwamba nimemvunja baba yangu kwa ajili ya harusi. Kisha nikaona mgongo wake unatikisika. Alikuwa anacheka. Aliinuka kwa mikono na magoti, akauona mpira nyavuni, akanyoosha mikono yote miwili juu kama aliyefunga yeye.

"Imeingia," akasema. "Ndugu zangu, nimefungwa. Imeingia."

Aliyekuwa analia ni Wilondja. Papa alimfuata kwa kutambaa, kwa kuwa kusimama kulikuwa na mashauri yake, wakakumbatiana pale chini kwenye nyasi, suti, glavu na yote, na Papa akamwambia neno moja nililolisikia: "Asante." Halafu akainua kichwa akatuangalia sisi tuliosimama. "Sasa ng'ombe. Nani alisema habari ya ng'ombe?"

Siku ile wageni walikula. Walikula sombe, walikula ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikula na ya kesho. Abdi akafungiwa na ya nyumbani. Na ili nisimwonee mtu, niandike pia kwamba kuanzia wiki iliyofuata Papa alishikilia kuwa mpira wenye nusu ya upepo hufunga nusu goli, na Mzee Wilondja mpaka alipofariki hakuikubali hesabu hiyo. Walikuwa wakibishana hivyo wameketi kochi moja.

Jumatatu nilipofika kwa Bi Edna akaniambia leo hatutaki mafuta, leo tunataka bwawa. Binti yake alitutafutia siku, na kituo kimoja chenye maji ya uvuguvugu na kiti cha kuteremshia wazee kikatukubalia. Nilishuka naye, mimi nisiyejua kuogelea, nimeshika ukingo kama paka. Alijilaza kwa mgongo. Mimi na mhudumu tulimshikilia chini ya mabega, na baada ya muda mhudumu akanikonyeza tuachie kidogo. Tukaachia. Miguu ile iliyokataa sakafu ilikubali maji. Alikwenda, si mbali, si haraka, macho yake darini, mpaka mkono wake ukagusa ukuta wa mbele. Ndipo alipolia, mwanangu, akicheka hapo hapo. Akasema, "Helsinki."

Basi nasaha yangu ni hii, na uipime, maana mimi si mwalimu. Mtu akikulilia kitu kidogo alichonyang'anywa na jambo kubwa, usimpime machozi. Usimtupie methali ya kumnyamazisha, hata kama ni ya kweli; yaliyopita mengine ni ndwele, nayo hayaponi kwa kuambiwa yamepita. Muulize kama kitu hicho bado kinaweza kufanywa. Kikiwezekana, beba pampu, tafuta kipenga, uende naye. Na wewe mwenyewe, ukiwa na mpira chini ya kitanda kwa kuogopa kukosa, utoe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba yangu alifungwa akalala usingizi mzuri kuliko miaka yote aliyokuwa hajafungwa.

Mungu akupe, mwanangu, kazi unazoweza kuzimaliza, na zile utakazokatiziwa akuwekee hai watu wa kuzimalizia nao. Magoti yako yasibaki yamekunjwa. Na siku ya posa yako, wageni wasiondoke bila kula.